Gari la Kifahari au Ndugu Yake wa Kawaida: Mwongozo Kamili wa Kuchagua

Kampuni nyingi za magari huuza gari moja kwa majina mawili. Jina la kwanza ni lile la kawaida, ambalo kila fundi analijua. La pili ni la tawi la kifahari la kampuni hiyo hiyo, lenye nembo nyingine, viti vya ngozi na bei iliyopanda. Honda ilianzisha Acura mwaka 1986 kwa ajili ya soko la Amerika Kaskazini, na mwaka 1989 Toyota ikafuata kwa Lexus na Nissan kwa Infiniti. General Motors, kupitia Cadillac, na Ford, kupitia Lincoln, zilikuwa na desturi hiyo kabla yao. Mnunuzi anayesimama mbele ya magari mawili ya namna hii, moja la bei nafuu na jingine la bei kubwa, yote yakiwa na mngurumo mmoja wa injini, ana haki ya kujiuliza analipia nini hasa.

Swali hilo halijibiki kwa kubishana juu ya heshima ya nembo. Linajibika kwa kuandika orodha ya vitu vinavyotofautisha magari hayo mawili, kisha kuuliza juu ya kila kimoja kitagharimu nini siku kitakapoharibika na dhamana ikiwa imeisha. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa ajili ya kazi hiyo, na zinafaa kwa gari jipya na kwa gari lililotumika, ingawa jibu hubadilika sana kati ya hayo mawili.

Hatua ya kwanza: Pima kina cha undugu

Kabla ya kulinganisha bei ni lazima ujue magari hayo yana undugu wa kiasi gani, kwa sababu wauzaji hutumia neno "ni gari lile lile" kwa mambo matatu yasiyofanana.

Undugu wa karibu kabisa ni wa gari moja lenye nembo mbili. Toyota Altezza na Lexus IS ya kwanza ni mfano wake. Vivyo hivyo Aristo na GS, Celsior na LS, na Harrier na RX kwa vizazi vyake viwili vya mwanzo. Hapa kilichobadilika ni nembo, vifaa kadhaa vya ndani, na pengine bampa, taa au chaguo la injini. Katika kundi hili ndimo yanamopatikana pia magari yaliyotia aibu. Cadillac Cimarron iliingia sokoni ikiwa modeli ya mwaka 1982, na ilikuwa Chevrolet Cavalier iliyopambwa, yenye injini ndogo ile ile ya silinda nne. Iliondolewa mwaka 1988 na hadi leo hutajwa kila inapozungumzwa habari ya kuuza nembo bila gari. Aston Martin Cygnet, iliyouzwa kuanzia 2011 hadi 2013, ilikuwa Toyota iQ iliyovishwa ngozi na grili mpya kwa bei iliyozidi mara mbili ya iQ yenyewe, na walioinunua walikuwa wachache mno.

Undugu wa pili ni wa chasisi moja na mwili unaokaribiana, lakini injini, springi na vifaa vya umeme vikiwa vimebadilishwa kwa kiasi kikubwa. Lexus LX 470 imejengwa juu ya Land Cruiser 100, LX 570 juu ya Land Cruiser 200, na GX 470 juu ya Prado 120. Cadillac Escalade ni ndugu wa Chevrolet Tahoe, Lincoln Navigator ni ndugu wa Ford Expedition, na Infiniti QX80 ya kizazi kilichoanza 2010, wakati huo ikiitwa QX56, ni ndugu wa Nissan Patrol Y62.

Undugu wa tatu ni wa msingi wa chini tu. Audi A3, Volkswagen Golf ya saba, Seat Leon na Skoda Octavia za wakati huo zote zimejengwa juu ya msingi uitwao MQB, ulioanza kutumika 2012, lakini kila moja ina mwili wake, na huwezi kuchukua mlango wa moja ukaufunga kwenye nyingine. Lexus ES na Toyota Camry ziko hapa, na pia Lexus CT 200h, ambayo ina injini ya lita 1.8 na mfumo wa haibridi (petroli na umeme kwa pamoja) wa Toyota Prius ya kizazi cha tatu ndani ya mwili tofauti kabisa. Kusema kwamba magari haya ni nembo mpya juu ya gari la zamani ni kuwaonea wahandisi wake.

Kwa magari ya Toyota na Lexus, msimbo wa chasisi utakuambia mengi ukijua kuusoma. Chukua UZJ120, ambao ni msimbo wa GX 470: herufi za mwanzo zinataja familia ya injini, yaani UZ, ambayo ni V8 (injini ya silinda nane), herufi J ni ya ukoo wa Land Cruiser, na 120 ni kizazi. Prado za kizazi hicho huandikwa GRJ120, TRJ120 au KDJ120 kulingana na injini. Namba ya mwisho ikifanana na herufi za mbele zikitofautiana, unajua kwamba sehemu kubwa ya chini ya gari ni moja na kwamba injini inahitaji kuchunguzwa peke yake.

Matokeo ya hatua hii yanaelekeza kazi iliyobaki. Magari yakiwa ya undugu wa kwanza, acha kufikiria nembo na ununue lile lililotunzwa vizuri zaidi kwa bei iliyo chini. Yakiwa ya undugu wa tatu, yapime kama magari mawili tofauti ambayo kwa bahati njema yanashirikiana injini na gia. Undugu wa pili ndio wenye faida kubwa na mitego mikubwa, na sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inauhusu.

Hatua ya pili: Linganisha namba za spea

Hii ndiyo hatua ambayo wanunuzi wengi huiruka, ingawa haigharimu chochote zaidi ya muda wa jioni moja. Kila spea halisi ina namba ya kiwandani, na katalogi za namba hizo zinapatikana kwenye intaneti kwa kutumia namba ya chasisi. Tafuta namba za vitu vinavyochakaa katika magari yote mawili: pedi na diski za breki, shokomzoba, bushi na viungio vya mbele, beringi za magurudumu, pampu ya maji, redieta, alteneta, na filta zote. Weka namba hizo katika safu mbili zinazotazamana.

Toyota na Lexus hutumia mfumo mmoja wa namba, ambao kwa kawaida una tarakimu au herufi kumi zilizogawanywa tano kwa tano. Tano za kwanza zinataja aina ya kifaa: 04465 ni pedi za breki za mbele, 48510 ni shokomzoba ya mbele kulia, 17801 ni filta ya hewa. Tano za mwisho zinaonyesha toleo la kifaa hicho. Zote kumi zikifanana, kifaa ni kimoja bila kujali nembo iliyo kwenye gari, za mwanzo zikifanana na za mwisho zikatofautiana, kazi ya kifaa ni moja lakini huenda vipimo au ugumu wake ni tofauti, na hapo usikubali maneno ya "hii inaingia tu." Katika kundi la Volkswagen, herufi na tarakimu tatu za kwanza huonyesha gari ambalo kifaa kilibuniwa kwa ajili yake, kiasi kwamba ukikuta 1K0 au 5Q0 kwenye kifaa cha Audi A3 unajua kimetoka kwenye ghala moja na cha Golf, na ukikuta 8P0 au 8V0 unajua ni cha A3 yenyewe.

Ukishapata safu hizo mbili, jizoeze kuagiza spea kwa namba badala ya jina la gari. Kifaa kimoja kinaweza kuwa na bei mbili kwa sababu tu kimewekwa ndani ya boksi la chapa ya kifahari, na mwenye duka anayesikia jina la kifahari huanza hesabu yake mahali pa juu. Hiyo ndiyo tabia ya biashara, na namba ndiyo kinga yake.

Hatua ya tatu: Gawanya tofauti katika mafungu mawili

Sasa andika kila kitu ambacho gari la kifahari linacho na la kawaida halina. Orodha itakuwa ndefu, na kuipokea kama ilivyo ni kuangukia mikononi mwa muuzaji, kwa kuwa kila kilichomo huonekana kuwa faida. Igawanye katika tofauti tuli na tofauti tendaji.

Tofauti tuli ni zile zinazofanya kazi yake kwa kuwepo tu. Vioo vya tabaka mbili vinavyopunguza kelele ni mfano wake, pamoja na vizuizi vya sauti vilivyofichwa chini ya zulia na nyuma ya dashibodi, raba za milango zilizoongezwa, sponji bora ya viti, ngozi, rangi iliyopigwa kwa uangalifu zaidi, na milango inayokaa sawasawa kwenye fremu. Hazina mota, sensa wala kompyuta. Ngozi hupasuka ikiachwa juani bila kutunzwa, na kioo cha namna hiyo kikivunjika kitakugharimu zaidi ya kioo cha kawaida, lakini kwa sehemu kubwa vitu hivi hubaki vikikuhudumia miaka kumi na tano bila kudai chochote. Kwa maoni yangu, ukimya wa ndani ndio kitu cha thamani kubwa kuliko vyote katika gari la kifahari, na wanunuzi hukisahau kwa sababu hakionekani kwenye picha za tangazo. (Mbao za dashibodi ni jambo jingine. Mara nyingi ni plastiki iliyochorwa mishipa ya mti, na sioni kwa nini mtu azilipie.)

Tofauti tendaji ni zile zenye kitu kinachosukuma, kinachozunguka au kinachohesabu: springi za hewa, shokomzoba zinazobadilisha ugumu kwa umeme, mfumo wa haidroli wa kupandisha na kushusha gari, viti vyenye feni na mota, usukani unaojisogeza, buti linalojifungua, taa zinazogeuka na kona, skrini kubwa inayotawala kiyoyozi na redio kwa pamoja, paa la kioo linalofunguka. Kila kimoja kina maisha yake, na nyingi hufikia mwisho wa maisha hayo wakati gari limeshashuka bei na kuangukia mikononi mwa mnunuzi wa pili au wa tatu.

Kwa kila tofauti tendaji jiulize mambo matatu. Je, kikiharibika gari litaendelea kutembea kwa usalama? Je, kuna namna ya kukitengeneza, au hubadilishwa chote kwa pamoja? Na je, kifaa cha gari la kawaida kinaweza kuchukua nafasi yake? Mota ya kiti ikifa, unaendelea na safari. Taa ya kisasa ya LED ikiingia maji, mara nyingi hubadilishwa nzima, na bei yake ni ya kushtua. Kabla ya kununua gari lenye taa hizo ni busara kuuliza bei ya taa moja tu ili ujue ukubwa wa hatari. Springi zikizama, gari halifai barabarani mpaka litengenezwe.

Swali la tatu ndilo linalofanya undugu wa magari kuwa na maana kwa mfuko wako, na mifano miwili inalionyesha vizuri. GX 470 hutoka kiwandani na springi za hewa nyuma, ilhali Prado nyingi za kizazi hicho zina springi za chuma. Mifuko ya hewa inapochoka, wamiliki wengi huiondoa na kuweka springi za chuma, kazi ambayo fundi wa kawaida anaimudu, na gari hubaki likitembea vizuri. LX 470 ni habari nyingine. Gari hilo lina mfumo wa haidroli unaounganisha shokomzoba zote nne na tufe zenye gesi ya naitrojeni, pamoja na pampu na tangi la oili yake. Gesi inapovuja kidogo kidogo kwa miaka, gari huwa gumu na kurukaruka, na mmiliki asiyejua humlaumu fundi wa matairi. Inawezekana kuuondoa mfumo mzima na kufunga shokomzoba za kawaida za Land Cruiser 100, lakini springi nazo zinapaswa kulinganishwa na uzito, kwa kuwa katika mfumo ule shinikizo la oili hubeba sehemu ya mzigo. Kwa hiyo tofauti mbili zinazoonekana kufanana kwenye tangazo, moja ina mlango rahisi wa kutokea na nyingine ina mlango mwembamba.

Ukimaliza, utakuwa na picha ambayo hakuna muuzaji atakayekupa. Gari la kifahari ambalo tofauti zake nyingi ni tuli, kama Lexus ES ya kawaida isiyo na vikorombwezo, ni ununuzi mzuri hata likiwa limezeeka. Lenye tofauti tendaji nyingi zisizo na mbadala kutoka kwa ndugu yake linahitaji bei ya chini sana ili likufae.

Hatua ya nne: Tazama pia kilichoondolewa

Watu hudhani kwamba gari la kifahari ni la kawaida pamoja na nyongeza. Si hivyo daima. Gari la kawaida huweza kuwa na injini ya dizeli, injini ndogo, gia ya kawaida ya kuingiza kwa mkono au viti vya kitambaa vinavyosafishika kwa maji, na vyote hivyo vikawa havipatikani kwa ndugu yake. Harrier ya kizazi cha pili ilipatikana kwa injini ya lita 2.4 yenye silinda nne, ilhali RX ya kizazi hicho iliuzwa kwa injini za V6. Prado 120 ilikuwa na dizeli ya lita 3.0 na petroli za lita 2.7 na 4.0, anayetaka GX 470 hana chaguo ila V8 ya petroli ya lita 4.7. Mtu anayeendesha umbali mrefu kila wiki, au anayelipa kodi inayopanda kwa ukubwa wa injini, huenda akakuta swali limejibiwa hapa hapa.

Matairi nayo yasipuuzwe. Magari ya kifahari hupewa rimu kubwa na matairi yenye ukuta mfupi kwa ajili ya sura. LX 570 ilitoka na rimu za inchi 20 wakati Land Cruiser 200 ilipewa za 17 au 18. Ukuta mfupi wa tairi hupokea mashimo ya barabara vibaya, rimu hupinda kwa urahisi zaidi, na tairi lenyewe ni ghali na gumu kupatikana. Habari njema ni kwamba magari yenye undugu wa karibu mara nyingi hukubali rimu za mwenzake, ilimradi rimu ndogo isigongane na breki.

Hatua ya tano: Linganisha toleo na toleo

Hapa ni pafupi lakini pana uzito. Usilinganishe toleo la chini la gari la kawaida na toleo la juu la gari la kifahari. Chukua toleo la juu kabisa la gari la kawaida na uliweke mbele ya toleo la chini la gari la kifahari. Mara nyingi bei zitakaribiana na la kawaida litakuwa na vifaa vingi zaidi. Kwa miaka kadhaa kuanzia modeli ya 2007, Camry ya V6 na ES 350 zilitumia injini moja ya lita 3.5, kwa hiyo aliyetaka nguvu peke yake hakuwa na sababu ya kwenda kwa Lexus.

Hatua ya sita: Soma kifuniko cha tangi la mafuta

Baadhi ya magari ya kifahari hutaka petroli ya okteni ya juu hata pale ambapo ndugu zake huridhika na ya kawaida, ama kwa sababu injini hubana hewa na mafuta kwa nguvu zaidi au ina tabo (turbo). Fungua kifuniko, kisha usome kijitabu cha gari ili ujue kama okteni hiyo inapendekezwa tu au ni ya lazima. Ikipendekezwa, ukitumia ya chini utapoteza nguvu kidogo. Ikiwa ya lazima, usicheze nayo.

Wanunuzi wa magari yaliyotoka Marekani huchanganyikiwa na namba. Okteni ya Marekani hupimwa kwa wastani wa njia mbili, wakati sehemu nyingine nyingi za dunia hutumia kipimo kiitwacho RON. Kibandiko cha Marekani kinachosema 91 kinalingana na takriban RON 95, na kinachosema 87 kinalingana na takriban RON 91 au 92. Gari halijawa la gharama kubwa au ndogo kwa sababu ya namba hiyo mpaka uwe umeigeuza.

Hatua ya saba: Piga hesabu kulingana na umri wa gari

Mfano wa kufikirika utasaidia. Tuseme gari la kawaida la toleo la juu, likiwa jipya, lina bei ya 100 kwa kipimo chochote cha fedha, na ndugu yake wa kifahari ana bei ya 130. Baada ya miaka mitano la kwanza linauzwa 55 na la pili 65. Aliyenunua la kifahari likiwa jipya aliongeza 30 na kurudishiwa 10. Ufahari wa miaka mitano ulimgharimu 20, bila kuhesabu bima na matengenezo. Aliyelinunua kwa 65 aliongeza 10 tu juu ya bei ya gari la kawaida. Akiliuza miaka mitano baadaye wakati pengo limebaki 4, ufahari ule ule umemgharimu 6. Ile 14 iliyobaki kati ya 20 na 6 ndiyo bajeti yake ya kurekebisha tofauti tendaji. Gharama zikibaki chini ya hapo, amempita mnunuzi wa kwanza. Zikipita, amejinunulia tatizo la mtu mwingine.

Usitumie namba zangu. Kusanya matangazo kadhaa ya magari yote mawili ya mwaka mmoja na kilomita zinazokaribiana, kisha rudia kwa magari yaliyo na miaka mitano zaidi. Pengo la bei na jinsi linavyopungua vitajionyesha vyenyewe. Zipo jozi zinazovunja kanuni, hasa magari makubwa yenye chasisi ya boriti kama LX na GX, ambayo hushika bei kwa muda mrefu, na kwa hayo faida ya mnunuzi wa pili huwa ndogo.

Kwa hiyo, likiwa jipya, ninaelekea kwa gari la kawaida la toleo la juu, isipokuwa kwa mtu ambaye ukimya na huduma ya tawi la kifahari ni sehemu ya kazi yake. Likiwa na miaka minne hadi minane, la kifahari ndilo lenye nafasi nzuri ya kushinda. Baada ya miaka kumi na miwili hivi, ufahari uliobaki ni wa tofauti tuli peke yake, na tofauti tendaji zote zihesabiwe kama vitu vinavyongoja kubadilishwa; hapo la kawaida hurudi mbele, ila kama orodha yako ya hatua ya tatu ni fupi.

Hatua ya nane: Hakikisha ni gari lenyewe, kisha lijaribu

Kwa kuwa nembo ni kipande cha plastiki chenye gundi, zipo Altezza na Harrier nyingi zilizobandikwa nembo ya Lexus na kuuzwa kwa bei yake. Lexus ilianza kuuzwa ndani ya Japani mwaka 2005, na RX haikuuzwa huko kwa jina hilo hadi 2009. Basi gari lililotumika Japani lenye umri unaotangulia miaka hiyo haliwezi kuwa Lexus, hata liwe na nembo kila pembe. Soma namba ya chasisi: magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hubeba msimbo kama ACU30 au SXE10 ukifuatwa na tarakimu, wakati Lexus za kuuzwa nje huwa na namba ya herufi na tarakimu 17, ambayo kwa zilizotengenezwa Japani huanza na JTH au JTJ. Spidomita inayoishia 180 ni dalili nyingine ya soko la ndani la Japani. Hakuna ubaya kununua Harrier. Ubaya ni kuilipia kama RX, na kisha kuikatia bima kwa jina lisilo lake.

Yaendeshe magari yote mawili siku moja, kwenye barabara moja, ikiwemo sehemu mbovu. Zima redio na feni. Kama husikii wala huhisi tofauti, usiilipie, kwa maana kesho hutaisikia pia.

Kwa gari la kifahari, omba kuliona asubuhi kabla halijawashwa na upime kwa macho kama limekaa sawa pande zote. Upande ulioinama ni ishara ya springi ya hewa inayovuja usiku. Lipandishe na kulishusha mara kadhaa. Kwa LX yenye haidroli, tazama tangi la oili ya mfumo huo gari likiwa chini na likiwa juu: kiwango cha oili kinapaswa kubadilika waziwazi, na mabadiliko madogo huonyesha kwamba tufe zimepoteza gesi. Bonyeza kila swichi, hata ile usiyodhani utaitumia. Mwombe fundi asome hitilafu kwa mashine inayoweza kuingia kwenye kompyuta zote za gari, maana zile ndogo za bei rahisi husoma injini tu na kuacha springi, viti na taa bila kuguswa.

Hatua ya tisa: Bima, huduma na uhai wa chapa

Omba bei ya bima kwa magari yote mawili kabla ya kuamua. Mwili ukitofautiana, bampa na taa za la kifahari ndizo zitakazoongoza bei hiyo. Ulizia pia kama fundi unayemwamini amewahi kufungua gari la aina hiyo, na kama kuna mtu mwenye programu ya kuifanya kompyuta mpya ifanye kazi na gari.

Chapa za kifahari hufa pia, na undugu huokoa. Saab iliuza gari liitwalo 9-2X, ambalo kwa kweli lilikuwa Subaru Impreza iliyobadilishwa sura. Saab ilipofilisika mwaka 2011, wamiliki wa modeli zake nyingine walibaki na wasiwasi wa spea, ilhali mwenye 9-2X aliendelea kupata sehemu za injini, gia na breki kwa jina la Subaru. Ford nayo iliamua mwaka 2010 kuifunga chapa yake ya Mercury, na mwenye Mercury Milan akabaki na Ford Fusion ya kumtegemea.

Hatua ya kumi: Zungumza bei ukiwa na karatasi zako

Nenda kwa muuzaji ukiwa na vitu viwili vilivyoandikwa: bei ya sasa ya gari la kawaida la mwaka na hali ile ile, na jumla ya gharama za tofauti tendaji ambazo umeziona zimechoka. Anza na bei ya gari la kawaida, ongeza kiasi unachokubali kulipia ukimya, viti na umaliziaji, kisha ondoa gharama hizo. Kinachobaki ndicho kiwango chako cha juu, na ni vizuri uwe umekiandika kabla hujaketi kwenye kile kiti cha ngozi kwa mara ya pili. Muuzaji akikataa, ndugu wa kawaida bado yupo sokoni, na tayari una orodha ya namba za spea zake.